Siku Ambazo Hatununui

Simu ya Akinyi ilinikuta jikoni kwangu Nyeri, nikichambua maharagwe. Sikuitambua sauti. Alisema, "Auntie, ni mimi Akinyi wa Manyatta. Mama ametuacha." Nikamuuliza mama yupi, kwa maana katika umri wangu watu wanaotuacha ni wengi na masikio yamechoka. Akajibu, "Nyar Uyoma." Nikaweka ungo chini. Mwanamke huyo niliishi naye ua mmoja kwa mwaka mmoja tu, tena haukutimia, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tangu tulipoagana hatukuonana tena, na kosa si lake. Nilikuwa na anwani ya kanisa lao, nilikuwa na miguu, nilikuwa na nauli. Kilichonizuia ni aibu, na aibu ikikaa miaka mingi huanza kujiita shughuli. Akinyi alinitajia siku ya mazishi, akasema si lazima nije, ni mbali. Nikamwambia nitakuja.

Nilifika Kisumu nikiwa na miaka ishirini na minne, shahada ya uchumi kwenye bahasha na sanduku moja ambalo kitasa chake kilikuwa kimeng'oka. Ofisi moja ya utafiti ya Nairobi ilikuwa imeniajiri kwa mkataba wa mwaka. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza watu wananunua chakula gani, kwa bei gani, na bei ikipanda watafanya nini. Niliona kazi hiyo ni ya heshima sana. Nilipangisha chumba Manyatta, katika ua wenye vyumba vinane vilivyotazamana, vinne huku na vinne kule, bomba moja la maji katikati. Chumba changu kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, meza ambayo mguu wake mmoja niliuwekea kitabu cha takwimu, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Kati yangu na chumba cha pili palikuwa na ukuta usiofika juu, hivyo maongezi ya jirani yalinijia yote, ila yalinijia kwa Kijaluo. Walicheka, walinong'ona, waligombana, na mimi nililala pale chali nikisikiliza bila kuelewa hata neno. Mtu anaweza kuuliza watu maswali arobaini kwa siku na jioni akagundua hajaongea na yeyote. Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wote walikwenda kanisani wakaniacha na bomba likidondosha maji, nami nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jirani aliyelala upande wa pili wa ukuta huo ndiye Nyar Uyoma. Alikuwa mjane mwenye mabega mapana na sauti ya chini, na alikaanga mgongo wazi mbele ya lango la ua wetu. Kwa asiyejua, mgongo wazi ni kile kinachobaki mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, akishatolewa minofu kiwandani. Minofu ilifungwa kwenye barafu ikaenda ng'ambo. Kichwa, mifupa na mkia vilibaki vimeshikana. Alfajiri Nyar Uyoma alikwenda kwenye lango la kiwanda na wanawake wenzake, akarudi na beseni kichwani, akavianika juani, na kufikia saa kumi karai lake lilikuwa limeshapata moto. Watu waliotoka vibaruani walisimama pale kabla hata ya kufika kwao. Siku ya kwanza aliponiona nimefunga dirisha kwa ajili ya harufu, alibisha mlango. "Wewe unatoka wapi, nyathina?" Nyathina ni mwanangu. Nikamwambia Nyeri. "Na kwenu hamli samaki." Nikakubali kwamba kwetu hatukuwa na desturi hiyo. Alinitazama mimi na ubao wangu wa kuandikia. "Na umetumwa kuuliza watu mambo ya samaki." Nikasema ndiyo. Hakucheka, ila mdomo ulimcheza. "Sawa. Hapa mwanamke akiolewa, jina yake inabaki kwao. Mimi naitwa Nyar Uyoma, msichana ya Uyoma. Wewe utaitwa Nyar Okuyu, msichana ya Wakikuyu. Sasa sisi wawili ni wageni."

Kuanzia hapo alinifundisha kula. Jioni aliniita kwa kugonga ukuta mara mbili, nikaenda kwenye chumba chake kilichofanana na changu ila kilijaa maisha: kalenda ya kanisa, viti vya mbao vyenye vitambaa vilivyofumwa, picha ya marehemu mume wake akiwa amekunja uso. Akinyi, binti yake, alikuwa kidato cha tatu shule ya bweni, akija likizo tu. Nyar Uyoma aliniwekea kichwa kizima cha samaki juu ya sahani na bonge la ugali, akanionyesha kwa kidole. Shavuni ndiko kwenye nyama laini. Nyuma ya jicho kuna kipande cha mafuta ambacho watoto hupigania. Mifupa ya shingo usiitafune, inyonye. Mwanzoni nilimeza kama dawa. Mwezi wa pili nilikuwa nikinyonya mifupa kwa kelele, na kama angenisikia mama yangu angenitoa nje. Kila mara nilimwambia, "Na nyinyi je?" Kila mara alijibu, "Kula, sisi tumekula." Akinyi akiwa likizo naye aliinamisha kichwa akasema, "Tumekula, Auntie." Niliamini. Nilimwona akikaanga samaki tangu alasiri, ningeshukuje kwamba hakuonja? Mtu wa hesabu, na sikujumlisha hilo.

Nilimpenda. Naweza kulisema sasa bila kuona haya. Nilikaa kwenye kile kiti chenye kitambaa nikimsikia akiongea na wateja pale langoni, na upweke wangu ukanipungukia kwa saa moja au mbili kila jioni. Kijaluo kilianza kuniingia kidogo kidogo, kwanza salamu, kisha namba, kisha ero kamano, yaani asante. Nikirudi chumbani nililala nikisikiliza ukutani na kuokota neno moja moja ninalolijua. Nilingoja siku nitakayoelewa sentensi nzima, nikidhani siku hiyo ndipo nitakapokuwa mtu wa pale.

Mwezi wa tano maswali makubwa yalifika kutoka Nairobi. Kwa kila nyumba nilitakiwa kutaja chakula, bei yake ya sasa, kisha niulize: ikipanda kwa robo, utaendelea kununua? Kwa nusu? Ikiwa maradufu? Niliendelea kupanda hadi mtu aseme hapana. Kutokana na hapana hizo tungechora mstari unaoonyesha jinsi mahitaji yanavyopungua bei ikipanda. Niliamua kuanzia kwenye ua wetu. Nyar Uyoma mwenyewe aliwaita wanawake, wakaja saba, akawapangia viti, akaweka chai na mandazi kana kwamba nimekuja kuposa. Kabla sijauliza lolote aliwahutubia kwa Kijaluo, kwa ufupi, nao wakanitazama na kuitikia. Nilidhani anawaeleza utafiti. Kisha tukaanza. Kwenye unga walisema ukweli, nadhani, kwa sababu kila mtu analalamikia unga na hakuna aibu. Tulipofika kwenye mgongo wazi mambo yakabadilika. Ikipanda kwa robo? "Tutanunua." Kwa nusu? "Hiyo ni kitu gani? Tutanunua." Maradufu? Mama mmoja aliyevaa kandambili zisizofanana alikohoa, akatazama kando, akasema, "Mtoto akitaka samaki, utamwambia nini? Tutanunua." Nyar Uyoma aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Nami niliandika. Nyumba zilizofuata Manyatta, Kondele na Kaloleni zilinijibu hivyohivyo, kwa maana habari za yule msichana mwenye ubao zilitembea haraka kuliko mimi, na popote nilipoingia nilikuta kiti kimefutwa na chai iko mezani.

Mstari wangu ulipokamilika haukuwa mstari wa mahitaji hata kidogo. Ulisimama wima. Kwa maelezo ya karatasi ile, watu maskini kuliko wote mjini wangenunua mifupa kwa bei yoyote. Ningepaswa kushtuka. Badala yake nilifurahi, kwa sababu ulikuwa umenyooka na kitabuni nilisoma kwamba vitu vya namna hiyo vipo, kama chumvi.

Kisha mwezi wa saba kiwanda kimoja kilifungwa kwa ukarabati, mifupa ikapungua langoni, na bei ikapanda. Haikupanda maradufu wala nusu. Ilipanda kwa robo au chini yake. Jioni ya kwanza nilisimama kando ya karai la Nyar Uyoma nikaona yule mama wa kandambili akija, akauliza bei, akaitikia vizuri kabisa, akasema amesahau kitu nyumbani. Hakurudi. Akaja mwingine, akasema anarudi. Mwingine aliomba akatiwe mkia nusu. Wiki nzima karai lilibaki na samaki. Nilitoa daftari langu dogo, lile la binafsi, nikaandika wangapi walikuja na wangapi walinunua, kila jioni. Kufikia Jumamosi nilijua bila shaka yoyote kwamba wale saba walinidanganya, na kwamba Nyar Uyoma ndiye aliyewaambia wanidanganye. Nilimuuliza. Alikuwa akichuja mafuta kwa kitambaa, akaendelea kuchuja. "Nyathina, mgeni akiingia kwako na karatasi, amekalia kiti chako, amekunywa chai yako, utamwambia ati wewe huwezi kununua mfupa? Mfupa?" Akasema neno hilo la mwisho polepole. "Niliwaambia wasituaibishe. Na pia wewe ni wangu. Nilitaka kazi yako iwe mzuri."

Jumatatu nikampelekea daftari Bwana Kilonzo, aliyekuwa mkubwa wetu, kwenye kile chumba cha ghorofani mjini chenye feni iliyozunguka bila kupoza. Alikuwa mpole, tena mwerevu. Alisoma kurasa zangu zote. "Hii ni wiki moja, mlango mmoja," akasema. "Hapa kuna nyumba mia kadhaa ambazo watu wamejibu kwa midomo yao." Nikamwambia walijibu kwa adabu. "Adabu haina safu kwenye fomu, Wanjiku." Akanieleza kwamba waliolipia utafiti wanaingoja ripoti mwisho wa mwezi. Niliuliza ni nani waliolipia. Akashangaa kwamba sijui: ni kampuni yenye hisa katika viwanda vya samaki, ilitaka kujua kile inachokiuza kwa bei ya kutupa kina thamani gani sokoni. Kisha akasema kwamba mkataba wangu unaweza kuongezwa mwaka wa pili, na kwamba Nairobi wameupenda mstari wangu. Nilirudishiwa daftari. Njiani nilijiambia mambo mengi ya akili: kwamba mimi ni mdogo, kwamba ripoti husomwa na watu wajuao zaidi, kwamba pengine nimeona vibaya. Hakuna hata moja nililoliamini. Niliandika walichosema badala ya nilichokiona, nikaweka saini. Jioni ukuta uligongwa mara mbili, nikaenda, nikala kichwa cha samaki.

Bei langoni mwa kiwanda ilipanda mwezi wa kumi. Sisemi ni ripoti yangu peke yake. Wenye kusaga chakula cha kuku nao walikuwa wameanza kuleta malori. Lakini karani wa pale aliwaambia akina mama, "Mlisema wenyewe mtalipa," na maneno hayo yalifika Manyatta kabla ya wao kufika na mabeseni matupu. Nyar Uyoma alijaribu wiki mbili. Alikata vipande vidogo, watu wakavitazama. Alikaanga omena, wale dagaa wa ziwani, wengine walikuwa wameshamtangulia. Kisha alasiri moja nilirudi nikakuta karai limeinamishwa ukutani, limeoshwa kwa majivu mpaka linang'aa. Sikuwa nimewahi kuona chini yake. Ukuta haukugongwa jioni hiyo. Nilipika chai, sikuinywa. Chumba cha pili walikuwa wamekaa wanawake wawili au watatu, wanaongea kwa sauti ya kawaida, hawakunificha kwa sababu hapakuwa na haja. Kwa miezi yote nilikuwa mtu asiyesikia. Mmoja alisema, "En ema nopenjowa." Nikaielewa. Yote, neno kwa neno, bila kutafuta: ni yeye aliyetuuliza. Ile sentensi niliyoingoja tangu nifike ndiyo hiyo. Nilijifunika shuka na kulia, na sijui kama walinisikia.

Alipofunga mizigo kurudi Uyoma, kwa maana Akinyi alihitaji karo na kule angalau angelima, nilikwenda mlangoni kwake. Vitambaa vilikuwa vimetolewa vitini. Nilimwambia kwa haraka, nisije nikashindwa, kwamba niliandika yale majibu nikijua si kweli, kwamba nilikuwa na daftari lingine, kwamba ningeweza kukataa. Aliketi juu ya gunia la vyombo. Nilitaka anitukane. "Mimi pia nilijua si kweli," akasema. "Mimi ndiye niliwaambia. Kwa hivyo tulipika pamoja." Akafunga kamba ya gunia, akaifungua, akaifunga upya. "Lakini hata wewe, na masomo yote hiyo, uliuliza swali mbaya. Unauliza mtu, bei ikipanda utanunua? Atasema nini? Uliza siku ambazo hatununui, tunakula nini. Hiyo mtu atakuambia, maana hiyo si aibu ya kesho. Hiyo ameshakula." Nikamuuliza, siku hizo wao walikula nini. Akaniomba nimshikie ncha ya pili ya gunia.

Sikuongeza mkataba. Ushujaa haukuwemo, nilishindwa tu kulala mle. Nilifanya kazi ya kuuliza watu chakula chao kwa miaka ishirini na tisa baadaye, katika wilaya nyingi, na katika kila fomu niliyopewa niliongeza swali moja kwa kalamu chini ya ukurasa: siku ambazo hamnunui, mnakula nini? Wakubwa wangu waliliona swali la ajabu, halafu wakazoea. Nimejibiwa uji. Nimejibiwa ugali na chumvi, chai isiyo na kitu, mboga za kando ya njia. Nimejibiwa, "Tunaomba Mungu kukuche." Hakuna aliyenidanganya, na kama alinidanganya alifanya hivyo kwa kunipunguzia uchungu. Mara nyingi nilianza barua ya kumweleza Nyar Uyoma kwamba swali lake linatumika. Hata moja sikuituma. Nilitaka kwanza niwe na jambo kubwa la kumpelekea, na nikazeeka nikilingoja.

Uyoma ni nchi kavu yenye mawe, ziwa likiwa pande zote na maji ya bomba yakiwa haba. Tulimzika karibu na nyumba aliyojenga mwenyewe, na watu walisema mengi mazuri juu yake, nayo safari hii niliyafahamu mengi bila kutafsiriwa. Akinyi sasa ni mwanamke wa makamo, mwalimu, mabega ya mama yake. Alinishika mkono akanipeleka ndani, sebuleni, kwenye kiti chenye kitambaa kilichofumwa ambacho nilikijua. Akaniletea sahani yangu peke yangu. Ilikuwa samaki mzima, aliyevuliwa siku hiyo, na ugali wa moto. Nje waombolezaji walikuwa mamia, na samaki wakubwa siku hizi ziwani ni wa kutafutwa; sikuhitaji fomu kujua sahani ile iligharimu nini. Niliuliza, "Na nyinyi je?"

"Kula, Auntie," Akinyi akasema, na kichwa akakiinamisha kama alivyokuwa akikiinamisha kidato cha tatu. "Sisi tumekula."

Nikainuka na sahani. Goti langu la kushoto halipendi kuinuka, kwa hiyo haikuwa haraka. Nilipita ua, nikapita watu, nikaingia jikoni kwenye moshi walikokuwa wamekaa wanawake watano kuzunguka sufuria, nikaiweka sahani sakafuni katikati yao. Akinyi alikuwa amenifuata na kusimama mlangoni. Nikawauliza kwa Kijaluo changu kibovu, nikiwatazama wote, wao wanakula nini. Kisha Akinyi akapita, akainama, akafunua sufuria. Ilikuwa mboga ya majani, nyeusi, chungu, na ukoko wa ugali pembeni. "Ni hii," akasema. "Hata siku hizo zingine, ilikuwa hii. Wewe ukila kichwa, sisi tulikuwa tunakula hii, ukishaenda."

Mmoja wao akanisogezea kigoda. Nikanawa mikono, nikakaa, nikachota mboga.